Jambazi Aliyetungiwa Dhuluma

Wapo wanaharakati na wasomi wenzangu ambao bado wanamtaja Jesse James kama mnyonge aliyeasi dhidi ya mabepari. Ukiwauliza ushahidi, wengi watakurejesha kwenye filamu iliyobeba jina lake, iliyoongozwa na Henry King mwaka 1939. Ushahidi huo naukataa.

Katika filamu hiyo, mawakala wa reli wanawapora wakulima wa Missouri ardhi yao kwa bei ya kutupa. Kisha wanalipua nyumba ya mama yake Jesse na kumuua. Kijana, aliyeigizwa na Tyrone Power, anashika bastola kulipiza kisasi. Mtazamaji gani hatamhurumia?

Ukweli ni mwingine. Mama huyo, Zerelda, hakuuawa. Ni kweli kwamba mwaka 1875 wapelelezi wa Pinkerton waliivamia nyumba yake, akapoteza mkono na mwanawe mdogo akafa. Unyama huo hauna utetezi. Lakini yeye aliishi hadi 1911, miaka 29 baada ya Jesse kuuawa. Tena, uvamizi huo ulimkuta Jesse akiwa jambazi mzoefu. Benki ya Gallatin iliporwa na mtunza fedha wake, John Sheets, akauawa mwaka 1869. Iweje kisasi kitangulie dhuluma?

Chanzo halisi kimefukiwa. Jesse alizaliwa katika familia iliyomiliki watumwa. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, yeye na kaka yake Frank walipigana katika vikundi vya msituni vya upande wa Kusini, upande uliotaka utumwa udumu. Frank alikuwa mfuasi wa Quantrill, ambaye kikosi chake kiliua wanaume na wavulana zaidi ya 100 mjini Lawrence, Kansas, Agosti 1863. Baada ya vita, mhariri John Newman Edwards, aliyekuwa afisa wa jeshi hilo la Kusini, alimpamba Jesse kwa kalamu hadi mporaji akawa shujaa wa walioshindwa. Filamu ilirithi shujaa huyo, ikauondoa utumwa na mahali pake ikaiweka reli.

Na mtu mweusi je? Yumo: ni Pinkie, mtumishi mwaminifu wa familia. Yule ambaye watu wake ndio waliodhulumiwa katika nyumba kama ile amepewa kazi ya kuwahurumia mabwana.

Sizitetei kampuni za reli. Zilikuwa na dhambi zao. Lakini dhambi za tajiri hazimfanyi kila mwenye bastola kuwa mtetezi wa maskini. Joseph Lee Heywood, aliyeuawa na genge hilo Northfield mwaka 1876 kwa kukataa kufungua kasha la fedha, alikuwa mtunza hesabu wa benki, mtu wa mshahara kama wengi wenu mnaosoma hapa. Hakuna aliyemtungia hekaya ya namna hiyo.

Basi ukionyeshwa muasi, usitosheke kujua anapigana na nani. Uliza anapigana kwa ajili ya nani, na ni nani aliyeondolewa ili apate kupendeza.