Mtoto Yumo Chumbani, Baba Yuko Mlangoni

Mwezi uliopita mwalimu mmoja alitupasha habari ya kuwa mkewe amejifungua kabla ya wakati, na mtoto amewekwa katika chumba cha hospitali wanamotunzwa watoto wachanga walio mahututi. Akauliza neno moja tu: “Nami nifanye nini?” Swali hili twalijua sana, maana tuliliuliza sisi wenyewe miaka kadha iliyopita, wala hatukulijibu vema. Kwa hiyo twaona yafaa tuyaeleze hapa makosa yetu, ili wengine wasiyafuate.

Mtoto wetu wa nne alizaliwa katika juma la 30 la mimba. Mtoto azaliwaye kabla ya majuma 37 kutimia huhesabiwa kuwa amezaliwa kabla ya siku zake, na watu humwita njiti. Uzito wake ulikuwa kilo 1 na gramu 300. Kuku wa kawaida humzidi. Tulipoingia siku ile ya kwanza tulimwona amelazwa ndani ya sanduku la kioo lenye joto, mpira mwembamba umepita puani, nyuzi zimebandikwa kifuani, na mashine ikilia mara kwa mara. Tukaogopa mno. Tukatoka, tukaketi chini ya mwembe ulio nje, na kwa muda wa siku 6 hatukuingia tena. Tuliwaambia watu ya kuwa kazi ya kufundisha imetuzidi. Haikuwa kweli. Tuliogopa kumpenda mtoto ambaye labda hataishi. Hata jina tulikuwa hatujampa. Nasi ndio tuliozoea kwenda kuwafariji wafiwa katika nyumba za watu!

Siku ya saba mama yake akatuuliza kwa upole, “Baba watoto, huyu ni mtoto wa hospitali au ni wako?” Tukakosa jawabu. Basi tukanawa mikono mpaka viwikoni, tukaingia. Muuguzi akatufundisha tusimpapase mtoto, kwa maana kupapaswa humchosha aliye mdogo hivyo, bali tuweke kiganja kimoja kichwani na kingine miguuni, tukitulia. Tukafanya hivyo. Baada ya kitambo mtoto akaacha kutapatapa, akalala. Ndipo tulipofahamu ya kuwa hata katika chumba kile chenye mashine, baba ana kazi yake.

Tuzitaje kazi hizo. Ya kwanza ni maziwa. Mtoto mdogo hivyo aghalabu hawezi kunyonya, kumeza na kupumua kwa utaratibu mpaka afikapo karibu na juma la 34. Kwa hiyo hulishwa kwa mpira. Lakini maziwa yamfaayo kuliko yote ni ya mama yake, hasa yale ya kwanza ya manjano yaitwayo dang’a. Sharti mama ayakamue mara 8 au zaidi katika mchana na usiku, hata kama mwanzoni yatoka matone tu. Na amtunzaye mama ili apate chakula, maji na usingizi, huyo naye amlisha mtoto.

Kazi ya pili ni kumbeba mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi. Mwaka 1978 katika mji wa Bogotá, nchi ya Kolombia, daktari Edgar Rey Sanabria aliona masanduku ya joto hayatoshi, na watoto waliowekwa pamoja wakiambukizana maradhi. Akawapa mama zao wawabebe kifuani mchana na usiku, kama kangaruu abebavyo mtoto wake. Wengi walidhani ni dawa ya maskini tu. Walakini mwaka 2021 ilitangazwa habari ya uchunguzi uliofanywa katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, kwa watoto wenye uzito wa kilo 1 hata chini kidogo ya kilo 1 na gramu 800. Waliobebwa hivyo mara baada ya kuzaliwa, vifo vyao vilipungua kwa kadiri ya robo, kuliko wale waliongojewa kwanza hali zao zitulie. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likashauri wabebwe kati ya saa 8 na saa 24 kila siku. Kifua cha baba nacho chafaa. Ila mwulizeni daktari kwanza, maana kila mtoto ana hali yake.

Kazi ya tatu ni kuuliza. Mashine ikilia, si kila mara ni hatari. Pengine uzi umebanduka tu. Uzito kupungua siku za kwanza ni jambo la kawaida. Na siku njema yaweza kufuatwa na siku mbaya. Asiyeuliza hubaki na hofu yake mwenyewe, nayo hofu hukua gizani.

Sasa twasema na jamaa na majirani. Msimwambie mama ya kuwa alibeba mzigo mzito au alikula kitu fulani. Mara nyingi hata madaktari hawajui sababu, naye tayari ajihukumu usiku kucha. Msimwulize kama mtoto “bado yupo.” Mpelekeeni uji, mfulieni kanga zake, wachukueni watoto waliobaki nyumbani, mchangieni nauli. Kulia kwake si upungufu wa imani. Lakini huzuni ikizidi majuma mawili, asile wala asilale hata apatapo nafasi, aambiwe daktari, maana hayo ni maradhi yenye tiba.

Hatutaki kumdanganya mwalimu wetu. Si watoto wote wanaotoka katika chumba kile wakiwa hai. Katika siku zetu pale tuliwaona wazazi waliorudi nyumbani mikono mitupu. Baba mmoja kati yao alikuwa akimbeba mwanawe kifuani kila alasiri, naye alimpa jina siku ya kwanza. Alipoondoka alituambia, “Nalimjua mwanangu.” Maneno hayo yalituchoma, kwa kuwa sisi tuliokaa chini ya mwembe tungalimzika mtoto tusiyemjua.

Wetu alikaa siku 41, akatoka na kilo 1 na gramu 900. Leo yu shuleni, na kwa mbio hatumpati. Zile siku 6 hazijui. Mama yake azijua, wala hajazitaja hata mara moja, nasi twamshukuru kwa hilo kuliko kwa mengi.

Basi, ndugu mwalimu, jawabu letu ni fupi. Mpe mtoto jina, unawe mikono, uingie leo.