Tembo wa mpakani walindwe kwa sheria

Tembo wa Amboseli hawajui mpaka. Leo wako Kenya, ambako uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977. Kesho wamevuka hadi Enduimet, Tanzania, ambako mwenye kibali anaweza kuwapiga risasi. Kwa karibu miaka 30 walilindwa huko na maelewano tu ya kutowawinda, hadi mwaka 2023 madume wakubwa walipoanza kuuawa tena.

Watetezi wa uwindaji husema unaleta fedha vijijini. Hoja hiyo ni nzito, kwani anayeharibiwa shamba na tembo hapaswi kubeba hasara peke yake. Lakini dume mwenye pembe ndefu hulipiwa mara moja tu, na huuawa katika umri ambao ndio anazalisha zaidi. Wala si kweli kwamba mzee hana kazi tena kundini. Huko Pilanesberg, Afrika Kusini, tembo vijana waliokua bila wakubwa waliua vifaru wengi miaka ya 1990. Walitulia baada ya kuletewa madume sita waliokomaa. Basi Kenya na Tanzania ziyaandike maelewano hayo ya kutowawinda kuwa sheria, na sehemu ya mapato ya utalii wa Amboseli ivuke mpaka, iwafikie wanavijiji wa Enduimet.