Biashara isiyo na duka

Mkulima wa mahindi akiulizwa kama ni mfanyabiashara, mara nyingi hujibu kwamba yeye ni mkulima tu. Chama cha msingi nacho hujibu kuwa kipo kuhudumia wanachama, si kutafuta faida. Mbele ya Kodi ya Ongezeko la Thamani, VAT, majibu yote mawili hayatoshi.

Sheria ya VAT ya mwaka 2014, iliyoanza kutumika Tanzania Bara Julai 2015, haitazami bango la mlangoni. Inatazama shughuli: je, mhusika anatoa bidhaa au huduma mara kwa mara? Ikiwa ndivyo, hiyo ni shughuli ya kiuchumi, iwe inalenga faida au la. Chama kinachokodisha ukumbi wake kwa harusi kila wiki kimo humo. Hata mpango wa mara moja wenye sura ya biashara unaweza kuingia. Kazi ya kuajiriwa haimo.

Hapa wengi hushtuka, wakidhani hata muuza mchicha atadaiwa. Sivyo. Kufanya biashara ni jambo moja, kutakiwa kujisajili ni jingine. Tangu Julai 2023, kwa walio wengi wajibu huo huanza mauzo yanapofikia shilingi milioni 200 kwa miezi 12. Yanayohesabiwa ni mauzo, si faida, tena ni yale yanayotozwa VAT tu. Mazao yasiyosindikwa yamesamehewa, kwa hiyo anayeuza mahindi ghafi ya milioni 300 hafikii kiwango kwa sababu ya mahindi hayo.

Tatizo huja pale mkulima huyo anapokuwa pia na Fuso mbili za kubeba mizigo ya watu, na fremu za maduka anazopangisha mjini. Yeye huona shughuli tatu, kila moja na daftari lake, pengine nyingine haina daftari kabisa. Sheria inamwona mtu mmoja. Mapato ya magari na pango la fremu hujumlishwa pamoja, na jumla ikifika milioni 200 ana siku 30 za kuomba usajili. Asipofanya hivyo, kodi ambayo hakuwahi kuwatoza wateja wake inaweza kudaiwa kutoka mfukoni mwake.

Msamaha wenyewe si zawadi tupu. Anayeuza mazao yaliyosamehewa hulipa VAT iliyomo katika bei ya mabati ya ghala na vipuri, wala hawezi kuidai irudishwe. Hilo wanasiasa hulisema mara chache.

Mamlaka ya Mapato na maofisa ushirika wangefanya vyema kuyaeleza haya katika mikutano ya vyama vya msingi, kabla mazao hayajaanza kuuzwa. Mkulima naye anaweza kuanza na daftari moja la mauzo yake yote, lenye safu mbili: yanayotozwa VAT na yasiyotozwa.