Mbwa wa nyumbani akirukia mbuzi

Juma hili mama mmoja ametuuliza: mbwa aliyekomaa pamoja na mbuzi wake ameua mtoto wa mbuzi mbele ya watoto. Amuue? Na ile nyama, wale?

Kwanza mwangalie mbwa kwa mbali. Kama amebadilika ghafla, anatokwa na mate mengi, anashindwa kumeza, anayumba au anauma hata vijiti, huenda ni kichaa cha mbwa. Msimguse. Watoto waingie nyumbani, aitwe daktari wa mifugo, yeye ndiye ataamua. Nyama msile wala msiuze, na msichune; ifukieni chini sana. Tunajua inauma, maana mbuzi ndiyo minervali ya mtoto. Lakini mtoto ni zaidi ya mbuzi.

Aliyeumwa, hata akikwaruzwa kidogo, aoshwe kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, kisha apelekwe kituo cha afya siku ileile apate chanjo. Ugonjwa ukishaonyesha dalili, karibu hakuna anayepona.

Kama mbwa ni mzima, mara nyingi alianza kwa mchezo: mbuzi anakimbia, naye anamfukuza. Kumpiga baadaye hakumfundishi kitu. Ashibe, afungwe usiku, na asiachwe tena peke yake na mbuzi, kwani aliyeua mara moja anaweza kurudia.

Na chanjo ya mbwa, wamama, tusiisahau. Tuulizane katika mkutano: wa kwako amechanjwa lini?