Ghorofa Mpya, Mabomba ya Zamani

Mwananchi anayetaka kuijua Kenya hana haja ya kuizunguka nchi nzima. Apande Upper Hill. Asimame alfajiri nje ya lango la Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, miongoni mwa jamaa wanaosubiri habari za wagonjwa wao, kisha ainue macho autazame mnara wa Britam, wenye orofa 31, uliokamilika mwaka 2017.

Kilima hiki kilianza kutengwa mara reli ilipofika Nairobi mwaka 1899. Wakubwa wa reli na wa serikali ya kikoloni walijengewa huku juu penye hewa safi, katika nyumba zenye bustani pana. Mwafrika alipanda kuja kupika, kufua na kukata nyasi. Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, rangi ya ngozi iliacha kuwa kibali cha kukaa kilimani. Fedha ikashika nafasi yake.

Baadaye mabenki na makampuni yalikimbia msongamano wa katikati ya jiji, nyumba zile zikabomolewa, minara ikasimama. Lakini barabara na mabomba ya majitaka yalikuwa yamekadiriwa kwa familia chache. Ofisi zilitangulia, upanuzi wa barabara ukafuata nyuma ukitweta.

Hapa tunatua kidogo, kwa kuwa hiyo ndiyo historia ya mageuzi yetu. Desemba 1991 kifungu cha 2A cha Katiba kilifutwa, tukashangilia kurejea kwa vyama vingi. Sheria za mikutano ya hadhara na za mamlaka ya machifu hazikurekebishwa hadi mwaka 1997. Chama kiliandikishwa, lakini mkutano wake ukaendelea kungoja leseni ya mkuu wa wilaya. Tulijenga orofa mpya juu ya mabomba ya chama kimoja, kisha tukastaajabia uvundo.

Gharama yake ilionekana papo hapo mteremkoni. Machi 1992, katika Bustani ya Uhuru, polisi waliwapiga akina mama waliokuwa wamegoma kula wakidai wana wao, wafungwa wa kisiasa, waachiliwe. Mama hao walipata hifadhi katika Kanisa Kuu la Watakatifu Wote. Tarehe 7 Julai 1997 polisi waliingia hata ndani ya kanisa hilo. Na Juni 2024, vijana waliojeruhiwa katika maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha walipandishwa hadi Hospitali ya Kenyatta.

Mwaka huo huo wa 2017, Rais Uhuru Kenyatta alizindua ujenzi wa The Pinnacle, jengo lililoahidiwa kuwa refu kuliko yote barani Afrika. Mzozo wa umiliki wa ardhi ulifika mahakamani, ujenzi ukakwama. Sherehe kwanza, hati baadaye! Sisi tuliozoea mambo ya mahakama hatukushangaa.

Tunaitaka Serikali ya Kaunti ya Nairobi ichapishe kila kibali cha ujenzi ilichotoa Upper Hill, pamoja na makadirio ya maji na majitaka ya kila mnara. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa raia haki ya kupata habari hizo. Cha 43 kinamhakikishia afya na usafi wa mazingira. Wasomaji walio tayari kuzidai kwa barua wapeleke nakala mbili City Hall, moja ipigwe muhuri wa kupokelewa na ibaki mikononi mwao.