Machimbo ya Jaribuni na Lugha ya Ripoti
Kule Jaribuni, Kilifi, mawe ya chuma huchimbwa jirani na Kaya Kauma, mojawapo ya kaya za Mijikenda zilizoorodheshwa na UNESCO mwaka 2008. Sheria ya Madini ya 2016 inaitengea jamii asilimia 10 ya mrabaha. Nayo Katiba ya 2010, kifungu cha 69, inataka wananchi washirikishwe katika kuyatunza mazingira. Lakini mzee wa kaya atasema nini juu ya machimbo na njia ya malori, iwapo ripoti imeandikwa kwa Kiingereza cha wataalamu? Naona kumwita mtu barazani bila kumfasiria ni kumnyima ulimi. Walimu na wanafunzi, ziombeni ripoti hizo, mzifasiri, mkazisome hadharani kabla leseni haijatiwa sahihi.