Albamu zetu za 2021, na ile ngoma walitaka kutunyima

Goma, tarehe 29 Desemba 2021



Mwaka huu mzima tumewaandikia juu ya état de siège, juu ya watu wanaouawa Beni na Irumu, juu ya familia za Nyiragongo ambazo nyumba zao ziko chini ya lava tangu mwezi wa tano. Leo tunaandika juu ya muziki. Kuna wenye watasema: vijana hawa wamechoka, sasa wanaongelea ngoma. Hapana. Sisi tunasikiliza muziki kila siku sawa ninyi, tunaandamana na nyimbo, na hata mu cachot, simu ikiisha kukamatwa, inabaki ile nyimbo uliyoshika kichwani. Tena mwaka 2021 umeonyesha wazi kwamba wakubwa pia wanasikiliza, na wanasikiliza kwa makini kushinda sisi.

Tuliulizana hivi: ni albamu gani ya mwaka huu ulisikiliza toka wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho bila kuruka? Swali linaonekana jepesi, ila lilituchukua siku tatu. Wengi wetu tunasikiliza kipande-kipande: wimbo mmoja ku YouTube kama mega zinatosha, mwingine juu ya taxi-moto, na zilizobaki anakuchagulia jirani mwenye bafle kubwa. Albamu nzima inaomba saa moja ya moto na saa moja ya utulivu. Goma mwaka huu haikuwa na vyote viwili kwa wingi.

Ya kwanza, na hapa hatukubishana, ni Na Kozonga ya Jupiter na Okwess, iliyotoka mwezi wa nne. Kwa Kilingala ni kusema "narudi". Mnakumbuka tarehe 27 Mei: volkano imeisha kutapika siku tano mbele, udongo unatetemeka mchana na usiku, na asubuhi gavana wa kijeshi anatangaza kwamba mitaa kumi ya mji ihame. Watu walishika njia ya Sake na magodoro kichwani, wengine wakavuka Gisenyi, wengine wakapanda mashua ya Bukavu. Wengi kati yetu tulikuwa na albamu hii kwenye simu. Ukiwa umelala chini ndani ya darasa la shule huko Sake, na kioo cha simu kinakuandikia "Na Kozonga", haukuhitaji mtu wa kukutafsiria.

Ila hatuipendi kwa sababu ya volkano tu. Jupiter Bokondji ni mtoto wa mwanadiplomasia, alikulia kwa sehemu Berlin ya Mashariki, akarudia Kinshasa kijana na akaanza kutafuta midundo ya makabila ambayo rumba ilikuwa imeifunika. Wenye waliona filamu La Danse de Jupiter ya 2006 wanajua alivyotumika miaka na miaka bila pesa. Albamu yake Hotel Univers ilikuja tu 2013. Hii ya sasa imesimamiwa na Mario Caldato Jr., Mbrazili aliyetumika na Beastie Boys, na unasikia kwamba hakujaribu kuwasafisha: gitaa zinakimbizana, ngoma iko mbele, sauti ya Jupiter ni ya mzee anayegombeza watoto wake na kuwapenda. Na jambo moja kubwa: hatukusikia libanga hata moja.

Tusimame hapo kidogo. Libanga ni nini, kila mmoja wetu anajua. Mwimbaji anaimba mapendo, machozi yanaanza kukutoka, halafu katikati anaita jina la mheshimiwa fulani, la PDG fulani, la mkubwa fulani aliye Ulaya, na anayeitwa amelipa. Tumezoea mpaka watoto wanaimba majina hayo sawa sehemu ya wimbo. Wasanii wanatuambia: bila mabanga hatuli, kopi zinauzwa na wezi, redio hazilipi. Tunaelewa. Lakini ukishauza katikati ya wimbo wako kwa mheshimiwa, siku mheshimiwa anaiba pesa za barabara utaimba nini? Kwa hiyo mwaka huu, mbele ya kupenda albamu yoyote, tulijiuliza kwanza: nani amelipia nafasi ndani yake?

Ya pili ni ya Kasai Allstars. Jina lake refu la Kiingereza linasema kwamba sisimizi weusi huruka pamoja kila mara, na bangili moja hailii. Sisi huku tungesema kidole kimoja hakivunji chawa. Kundi hili linakusanya wanamuziki wa makabila mbalimbali ya Kasai, wakiwemo Waluba, Wasonge na Watetela, kila mmoja na lugha yake na ngoma zake, na likembe iliyopitishwa kwenye amplifikateri mpaka inakwaruza. Mara hii Mopero Mupemba, mpiga gitaa wao, ndiye ameongoza kazi. Kama uliona filamu Félicité ya 2017, uliisha kuwasikia. Dada mmoja kati yetu, mwenye familia yake ilitoka Kananga wakati wa vita ya Kamuina Nsapu, alisema hakuweza kuisikiliza akiwa amekaa. Alisimama. Sisi wengine ilituchukua muda zaidi: mara ya kwanza inaonekana makelele, mara ya tatu unaanza kusikia kwamba kila mtu anapiga kitu chake na hakuna anayemfunika mwenzake. Huku kwetu, mahali ambapo kila mkutano unaanza na kuhesabu nani ni wa kabila gani, inafaa kuisikiliza mara ya tatu.

Moko ya Lokua Kanza tunaiweka ya tatu, na watu wa Bukavu wanaotusoma watatuchukia juu wao walitaka iwe ya kwanza. Mzee amezaliwa kwao, 1958. Tangu Nkolo ya 2010 alikuwa hajatoa albamu. Vijana wengi walimjua tu sawa kocha wa The Voice Afrique francophone, yule mwenye kofia na maneno ya upole. "Moko" ni "moja", na ndani anaimba kwa lugha nyingi, ya hapa na ya mbali. Ni muziki wa kimya. Kuna wenzetu wawili waliosema ni ya kulaza watoto, na hatukuweza kuwabadilisha mawazo. Sisi tuliobaki tunaona kwamba ukiisha kupitisha siku nzima unasikia risasi ao unasikia habari za risasi, mtu anayeimba bila kupandisha sauti anakufanyia kazi ambayo bafle hawezi.

Neptune Terminus ya Youssoupha ilitoka mwezi wa tatu. Mtoto wa Tabu Ley, aliyezaliwa Kinshasa, anarapu Kifaransa kizito, na kila mstari unaomba uurudilie. Mwezi wa tano alitunga wimbo wa timu ya Ufaransa kwa ajili ya Euro, na wanasiasa wa mrengo wa kulia kabisa wa kule wakapiga kelele: kwa nini huyu? Tulicheka, kisha tukaacha kucheka, juu miezi sita kisha tuliona mambo yanayofanana na hayo hapa kwetu, na hapa hawakuishia kwenye kelele.

Kwa Kiswahili, Only One King ya Alikiba ndiyo imepita sana Majengo na Birere. Ni nzuri, imepangwa vizuri, amewaita Patoranking na Mayorkun na wengine, na Kiswahili chake kinatufundisha maneno. Albamu ya harusi, tunasema bila dharau. Tokooos II ya Fally Ipupa ilitoka kando ya Noeli ya mwaka jana, basi kwa hesabu haiko ya 2021; tuliigombania saa mbili nzima na tukaacha hivyo.

Sasa ile ambayo haiko albamu.

Mwanzo wa mwezi wa kumi na moja, vijana wawili wa Kinshasa, Yuma Dash na Zozo Machine, wa kundi MPR, walitoa wimbo Nini Tosali Te. Jina la kundi peke yake ni mchezo: herufi zile zile za chama cha Mobutu, lakini kwao ni Musique populaire de la révolution. Wimbo unauliza ni nini hatujafanya: tumesoma, tumeomba Mungu, tumepiga kura, tumebadilisha watawala, na bado tuko pale pale. Hakuna tusi.  Tarehe 9 Novemba, Tume ya taifa ya censure ya nyimbo na maonyesho ikaukataza ku redio na ku televisheni, pamoja na nyimbo zingine, kati yake Lettre à Ya Tshitshi ya Bob Elvis, barua ambayo rapa huyu anamwandikia marehemu Étienne Tshisekedi kumweleza inchi imefika wapi chini ya uongozi wa mtoto wake. Sababu waliyotoa: hawakuomba ruhusa.

Ruhusa ya nini? Tume hiyo imetokana na décret ya 1996, Mobutu akiwa bado kwenye kiti. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 23, inatoa uhuru wa kusema, na katika kifungu cha 46 inatoa uhuru wa kuunda kazi za sanaa. Kati ya karatasi hizi mbili, yenye kutumika siku ile ilikuwa ile ya Mobutu. Haikupita hata juma moja wimbo wa MPR ukaruhusiwa tena, juu watu walipiga kelele na juu katazo lenyewe lilifanya hata bibi zetu wauombe. Tulifurahi. Lakini wenye mamlaka ya kukuruhusu kesho ni wale wale waliokukataza leo, na décret iko pale pale.

Kisha, tarehe 14 Desemba, UNESCO ikaandika rumba ya Kongo, kwa ombi la Kinshasa na Brazzaville pamoja, katika orodha ya urithi wa dunia nzima. Sisi pia tulicheza, kwa nini tusicheze? Tulisikia hotuba nzuri juu ya Wendo, Kabasele, Franco. Hakuna hotuba tuliyosikia ikikumbusha kwamba Franco alitupwa gerezani mwaka 1978 juu ya nyimbo ambazo wakubwa waliziita za uchafu. Wala kwamba miaka sita kisha, 1984, huyo huyo Franco aliimba Candidat na Biso Mobutu inchi nzima. Njia mbili hizo, jela ao libanga, ndizo wamewawekea wanamuziki wetu toka zamani. Kati ya siku ya kukataza Nini Tosali Te na siku ya kusherehekea rumba, hesabuni: mwezi mmoja na siku tano. Mwanamuziki akiisha kufa anakuwa urithi. Akiwa hai anatafutiwa ruhusa.

Na wakati tunaandika haya, vijana waliokamatwa Beni tarehe 11 Novemba, siku mbili baada ya lile katazo, bado wako gerezani. Waliandamana kupinga kurefushwa kwa état de siège. Wao pia waliambiwa hawakuwa na ruhusa.

Tunaomba basi mambo mawili, na tutayarudilia mwezi wa kwanza kwa barua: bunge lifute décret ya 1996, na vijana wa Beni waachiliwe.

Kuna mmoja atauliza: na Goma? Albamu ya Goma iko wapi kwenye hesabu yenu? Swali linauma kidogo. Innoss'B ametoka hapa, Yope yake na Diamond imezunguka dunia, na kila mtaa uko na rapa watano wazuri. Ila wanatoa wimbo mmoja, wanangoja miezi nne, wanatoa mwingine. Studio inalipwa kwa saa, moto unakatika katikati ya saa uliyolipa, na wimbo ukitoka asubuhi, mangaribi tayari uko Birere, unawekwa ku carte mémoire pamoja na nyimbo zingine mia moja kwa franga kidogo ambazo msanii hazioni. Hatuwezi kumwambia mtu wa namna hiyo atoe nyimbo kumi na mbili kwa mara moja juu sisi tunapenda albamu.

Tunachoogopa ni 2023. Uchaguzi ukikaribia, waheshimiwa watashuka hapa na bahasha, na watatafuta sauti ambazo vijana wanapenda. Watalipa studio, watalipa clip, watalipa tisheti. Msanii aliyekaa miaka mitatu bila kuandikisha kitu chake atakubali, na nani atamhukumu? Basi ni sasa, mbele bahasha hazijafika.

Kama uko na nyimbo saba ao nane kwenye daftari na umekosa mahali, tuandikie. Tuko na wapiga gitaa wawili, micro moja nzuri ya kukopa, na chumba Katindo kisicho na dirisha lakini kiko kimya baada ya saa tatu za usiku. Mafuta ya groupe electrogène tutachanga.